Nimerudia kitabu cha upelelezi nilichokipenda utotoni, mbona hadithi imebadilika?

Binti Kurasa

Habari zenu wadau wa vitabu. Kuna jambo linanizungusha kichwa, naomba mnisaidie maana najua humu kuna watu wamesoma sana.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa na kitabu cha Nancy Drew, yule msichana mpelelezi wa hadithini, kile cha kwanza kabisa, The Secret of the Old Clock, kopi kuukuu kava limeshatoka na kurasa zimekuwa za njano, nilikisoma nikakirudia mpaka ikafika hatua ukinitajia sura nakusimulia yote. Sasa juzi kati nimekutana na kopi nyingine ya kitabu hicho hicho, jina lile lile, mwandishi yule yule Carolyn Keene, nikainunua hapo hapo, jioni nikajifungia chumbani nikasema leo narudi utotoni.

Nafungua ukurasa wa kwanza nakuta Nancy yuko barabarani anaendesha gari, mara katoto ka kike kanakoswakoswa na lori, kanaporomoka darajani, Nancy anasimamisha gari anakimbia kukaokoa. Nikasema hee, haka katoto kametokea wapi tena?! Maana kitabu ninachokijua mimi kinaanza Nancy yuko na baba yake, yule wakili Carson Drew, wanaongea habari za mzee Josiah Crowley aliyefariki na mali yake inaelekea kwa akina Topham, wale matajiri wenye dharau, na Nancy anang'ang'ania kwamba lazima kuna wosia mwingine mahali fulani.

Nikaendelea kusoma huku naandika pembeni. Wale dada wawili maskini wanaostahili urithi ule, Allie na Grace, kwenye kopi yangu ya zamani mmoja alikuwa anafuga kuku na mwenzake anashona nguo za watu, humu mmoja ana sauti nzuri na anahitaji hela ya kusomea uimbaji. Hata jina la ukoo sio lile, zamani walikuwa akina Horner sasa ni Hoover. Halafu yule mlinzi wa nyumba ya akina Topham kule ziwani, Jeff Tucker, ninavyomkumbuka mimi alikuwa mtu mweusi, mlevi, Kiingereza chake kimeandikwa kwa kuvunjwavunjwa. Humu hayupo hivyo kabisa, ni mzee wa kawaida tu ambaye wezi wamemzidi ujanja.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza, kuna vitabu viwili vyenye jina moja au? La pili ndilo linalonigusa zaidi. Mimi wosia ulipo nilikuwa naujua kabla sijafungua kitabu, na bado nilikisoma mpaka usiku wa manane nikashindwa kukiacha. Hadithi ya upelelezi ukishajua siri yake si inatakiwa iwe imeisha? Waliowahi kurudia vitabu vyao vya utotoni wakiwa watu wazima, nyie mlikutana na nini?

---

Mzee wa Rafu

Binti Kurasa karibu sana. Kumbukumbu yako iko sawa kabisa, hukuchanganya chochote. Vipo viwili kweli, kilichoandikwa 1930 na kilichoandikwa upya 1959, na kwenye kava hakuna kinachokwambia kama umeshika kipi.

Iko hivi. Carolyn Keene hayupo na hakuwahi kuwepo, ni jina la kampuni. Kulikuwa na bwana mmoja Marekani anaitwa Edward Stratemeyer, huyu alikuwa na kampuni ya kuzalisha vitabu vya watoto, anabuni mhusika, anaandika muhtasari wa hadithi kurasa chache, kisha anampa mwandishi mwingine aijaze mpaka iwe kitabu. Mwandishi analipwa mara moja tu, anasaini kwamba haki zote ni za kampuni na kwamba hatatangaza kuwa ndiye aliyeandika. Hardy Boys, vile vitabu vya ndugu wawili wapelelezi, navyo vilitoka hapo hapo mwaka 1927, na Franklin W. Dixon anayetajwa kama mwandishi wake ni jina la kutunga vile vile, aliyeandika vile vya mwanzo ni Mkanada Leslie McFarlane.

Nancy Drew aliandikwa na mwanamke kijana mwandishi wa habari, Mildred Wirt, baadaye akaitwa Mildred Wirt Benson. Vitabu vitatu vya kwanza vilitoka kwa pamoja Aprili 1930, na Stratemeyer mwenyewe akafariki mwezi uliofuata, kwa hiyo hakuona kilichokuja kutokea. Mildred alikuwa analipwa dola 125 kwa kitabu, hakuna mrabaha, vitabu vinauzwa na kuuzwa yeye hapati kitu. Katika vitabu 30 vya mwanzo yeye aliandika 23. Na watu hawakujua! Mambo yalikuja kutoka hadharani kwenye kesi mahakamani mwaka 1980, wachapishaji wanagombania haki za vitabu, ndipo akaitwa kutoa ushahidi na ikajulikana kwamba mwanamama huyu anayefanya kazi gazetini huko Toledo, Ohio ndiye aliyeandika vitabu ambavyo wasichana wa nchi nzima walikua navyo. Aliendelea kuandika gazetini mpaka mwaka aliofariki, 2002, akiwa na miaka 96.

Sasa kuhusu mabadiliko. Kampuni ilirithiwa na mabinti wa Stratemeyer, na aliyeiendesha kwa miaka mingi ni Harriet Adams. Kuanzia 1959 wakaanza kuviandika upya vile vya zamani kimoja kimoja, wavifupishe, waondoe mambo yaliyopitwa na wakati, na waondoe yale maelezo ya kibaguzi ambayo wazazi walikuwa wanayalalamikia. Nancy wa 1930 ana miaka 16, wa 1959 ana 18. Gari lilikuwa lile la kizamani la watu wawili, likawa jipya la kukunja paa, ila rangi ya bluu haikuguswa.

Njia rahisi ya kujua una kipi, hesabu sura. Zikiwa 25 una ile ya 1930, zikiwa 20 una ya 1959. Usiangalie tu mwaka ulioandikwa mwanzoni maana unaweza kukuta miaka yote miwili imetajwa ukachanganyikiwa.

---

kalamu_ya_risasi

Dah Mzee wa Rafu asante, hiyo ya dola 125 imeniuma. Mtoto unamzaa wewe halafu hata jina lako haliandikwi.

---

Sauti Nzito

Mimi naomba niongelee hapo kwa Jeff Tucker maana Binti Kurasa umepagusa kidogo ukapita na mimi nadhani ndipo penye uzito.

Nilisoma ile ya zamani nikiwa mtoto. Utotoni sehemu hiyo nilikuwa naipita mbio, nataka nifike pale Nancy amefungiwa kabatini gizani na wezi wamechukua ufunguo, nataka nijue anatokaje. Nimekuja kuisoma tena mtu mzima nikasimama palepale nikashindwa kugeuza ukurasa. Mtu pekee mweusi ninayemkumbuka kwenye kitabu kile ni huyo, na kapewa pombe, woga, na maneno yaliyopindwa ili msomaji acheke. Steringi unayempenda, unayetaka kuwa kama yeye, anaongea naye kama anaongea na mtoto mtukutu. Mimi nilikuwa mtoto mweusi nasoma kitabu hicho kwa mapenzi yote na hakuna aliyeniambia kitu. Na nadhani niliona, ila nilikuwa sina maneno ya kusema nilichoona.

Sasa wengi wanasema basi ile ya 1959 ndiyo nzuri kwa sababu wameondoa. Sikubali kirahisi. Angalieni walichofanya, hawakumwandika Jeff Tucker upya akiwa mtu mweusi mwenye akili zake na heshima yake, jambo ambalo lingewezekana kabisa kwa mistari michache tu, wakamfanya mtu mwingine. Kosa lilikuwa la mwandishi na kampuni, aliyeondoka kitabuni ni mtu mweusi. Ukisoma ile mpya unaona mji msafi ambao watu kama sisi hatujawahi kupita.

Sisemi watu wasisome. Mimi mwenyewe nakipenda kitabu hiki mpaka leo, Nancy yule wa 1930 ni mkali, mwenye kiburi kidogo, hamuogopi mtu mzima yeyote, anajibu. Yule wa 1959 wamempiga pasi, adabu nyingi, kila mtu anamsifia. Kwa hiyo niko na vitu viwili mkononi, hadithi bora yenye doa baya na hadithi safi iliyopauka, na kuchagua siwezi.

---

Mama Wawili

@Sauti Nzito umeongea kitu kikubwa. Mimi ninao watoto wa umri huo wa kusoma vitabu hivi na hili swali linanipata moja kwa moja. Nilichokuja kufanya ni kusoma nao kwa sauti, tukifika sehemu kama hiyo naweka kitabu chini nawauliza mnaonaje huyu mtu alivyoandikwa, na watoto wanaona, tena haraka kuliko sisi. Mkubwa aliniambia "ila mama huyu mwandishi hakumjua mtu huyu, alimsikia tu." Nikabaki namwangalia.

Ila kwa mtoto anayesoma peke yake mimi ningempa ya 1959. Mtu mzima ana pa kuyaweka maneno yale, mtoto hana, yanaingia tu.

---

Fundi Hadithi

Ngoja nijibu swali lako la pili Binti Kurasa maana wengi wamelikimbia. Kwa nini kitabu kinakushika wakati siri unaijua.

Kuna pale Nancy anakwenda kwa bibi Abby Rowen. Bibi kaumia yuko peke yake nyumbani, hana wa kumsaidia, mzee Crowley alikuwa anamsaidia na sasa hayupo. Nancy anamhudumia, wanaongea, anamuuliza wosia uko wapi na bibi kumbukumbu zinakuja zinapotea, anakaribia kusema halafu hakuna. Ndipo saa iliyo pale ndani inagonga. Bibi anaangalia saa na jambo zima linamrudia, saa, ni saa, mzee aliweka maelezo kwenye saa yake.

Utotoni ukisoma pale unachosikia ni dalili. Haya, tumepata, ni saa, twende tukaitafute! Unamwacha bibi hapo hapo na wewe umeshaingia garini na Nancy. Ukisoma ukiwa mkubwa unabaki na bibi. Unaona jikoni hakuna kitu, unajiuliza Nancy akiondoka nani atakuja, unajiuliza ni wangapi wanaokaa hivyo wakisubiri mtu ambaye ameshakufa. Mistari ile ile. Yaani mimi naamini hadithi nzuri ya upelelezi ina siri moja ya juu ambayo inaisha ukimaliza, wosia uko kwenye sanduku la benki basi, lakini chini yake kuna watu na watu hawaishi. Mtoto anasoma ya juu. Ukirudi ukubwani ya juu haikusumbui tena, macho yanapata nafasi ya kuangalia huku chini.

Halafu kuna ufundi, huu nao utotoni huuoni. Angalia sura zinavyoishia. Hakuna sura inayoishia mtu amelala usingizi. Mlango unafungwa kwa nje, hatua za mtu zinasikika, taa inazimika. Stratemeyer alikuwa anataka hivyo makusudi. Na angalia pale kabatini, Nancy anapiga kelele kwanza, anahangaika na mlango, anachoka, anakaa, anafikiri, ndipo anapapasa gizani anagusa ile fimbo ya kutundikia nguo na kuanza kuitumia kubandua bawaba za mlango. Mtoto anaona ujasiri. Mimi sasa hivi nachokiona ni mwandishi aliyempa mhusika wake muda wa kuogopa kwanza kabla ya kumpa akili, na ndio maana tunamuamini. Mwandishi mvivu angempa fimbo mara moja.

---

bado_nasoma

Mimi niko tofauti na nyie, naheshimu mapenzi yenu lakini nilipokirudia mimi nilichoka. Mambo yanatokea kwa bahati mno. Mvua inanyesha Nancy anakimbilia kwenye banda, banda la nani? La wale wale dada wanaostahili urithi! Ameenda ziwani, wezi nao wamechagua siku hiyo hiyo. Kila mlango anaogonga ndani kuna jibu. Utotoni sikuona, sasa nikiona naishia hapo hapo. Na akina Topham wabaya tu kuanzia ukurasa wa kwanza, hakuna hata mmoja mwenye upande wa pili.

---

Fundi Hadithi

@bado_nasoma ni kweli, bahati zimezidi na sina cha kutetea hapo. Ila kwa akina Topham jaribu kuangalia mwaka, 1930, watu wamepoteza kazi na akiba benki zinafungwa, na hapa kuna familia yenye hela inayoongezewa hela na dada wawili wanaoishi kwa kuku na cherehani. Msomaji wa wakati ule hakuwa anahitaji upande wa pili wa tajiri. Ndio maana na mimi naona kuku wale walikuwa muhimu kuliko masomo ya uimbaji, walipowaondoa waliondoa njaa kwenye kitabu.

---

Ndege wa Kaskazini

Nimefurahi sana kuona uzi huu. Changu mimi sio Nancy, ni Emil and the Detectives cha Erich Kästner, Mjerumani, 1929. Nilikisoma kwa tafsiri ya Kiingereza nikiwa mdogo na nimekirudia mwaka huu, na ningependa kila aliyeguswa na maneno ya Fundi Hadithi akitafute.

Hadithi fupi tu. Emil anapanda treni peke yake kwenda Berlin kwa bibi yake, mama kampa mark 140 (hela ya Kijerumani ya wakati ule), 120 ni za bibi na 20 za matumizi, anazibana kwa pini ndani ya koti. Anasinzia kwenye treni, akiamka hela hazipo na yule bwana wa kofia waliyekuwa naye hayupo. Anamuona stesheni anaanza kumfuata, mjini hamjui mtu, na polisi anawaogopa kwa sababu kule kwao aliichezea sanamu ya mkubwa mmoja akaipaka rangi. Basi watoto wa mitaa ile ya Berlin wanajitokeza mmoja baada ya mwingine, wanagawana kazi, mmoja anakaa nyumbani kwenye simu tu, na wanamfuata mwizi mpaka anajikuta kazungukwa na watoto barabara nzima. Kinachomfunga sasa, ni matundu ya pini kwenye noti. Sijaona ushahidi mzuri kuliko huo kwenye kitabu cha mtoto, mdogo hivyo, na umewekwa mbele ya macho yako sura za mwanzoni kabisa.

Utotoni nilichopenda ni kufukuzana. Ukubwani nimesoma kurasa za mwanzo nikalia. Mama yake Emil ni mjane, anatengeneza nywele za watu nyumbani, anaosha vichwa siku nzima. Hizo mark 140 zimetoka kwenye mikono hiyo. Nikiwa mtoto nilidhani Emil anafukuza hela zake, sasa naona anafukuza uchovu wa mama yake, anaona aibu kurudi na kumwambia zimepotea. Halafu kwenye kitabu kuna bwana anamlipia Emil nauli ya tramu, baadaye anatokea tena ni mwandishi wa gazeti na jina lake ni Kästner. Mwandishi kaingia mwenyewe kitabuni kumlipia mtoto nauli. Utotoni hilo lilinipita kabisa.

Na mwaka 1933 Wanazi walipochoma vitabu Berlin, vya Kästner vilikuwemo na yeye mwenyewe alikuwepo pale uwanjani anaangalia. Emil hakuchomwa, alikuwa anapendwa mno. Ukishajua hilo ukarudi kwenye wale watoto wanaojipanga wenyewe kupambana na mtu mbaya, na watu wazima hawapo, unasoma kwa moyo mwingine kabisa.

---

Binti Kurasa

Jamani mmenifanya nisome uzi huu kama nasoma riwaya yenyewe, asanteni sana.

Nimehesabu, sura 20. Kwa hiyo ninayo ya 1959, na ile ya utotoni ilikuwa ya 1930. Nimewapigia nyumbani waniangalizie kama ile kuukuu bado ipo, wamesema maboksi yapo ila hakuna aliyeyafungua siku nyingi.

@Sauti Nzito nimesoma maneno yako nikarudi nikayasoma tena. Ulivyosema "niliona ila nilikuwa sina maneno" ndivyo ilivyokuwa kwangu pia, maana nimemkumbuka Jeff Tucker miaka yote hii wakati watu wengine wengi wa kitabuni nilishawasahau, na mtoto hakumbuki kitu ambacho hakikumgusa. Kopi mpya nilikuwa nataka nimpe mtoto wa dada yangu, na nitampa, halafu akifika umri wa kuelewa nitampa na ile ya zamani tuisome pamoja kama anavyofanya Mama Wawili. Nataka amjue Nancy mkali, na nataka niwepo pembeni akifika kwenye ile nyumba ya ziwani.

@Fundi Hadithi nimerudi kwa bibi Abby usiku wa jana. Kweli, nilikuwa namuacha.

Mzee wa Rafu swali dogo la mwisho, ile ya zamani kama nyumbani haipo inapatikana bado?

---

Mzee wa Rafu

Inapatikana. Kuanzia 1991 kuna mchapishaji anaitwa Applewood alivirudisha vile vya mwanzo vikiwa na maneno yale yale ya 1930, kwa hiyo ukitafuta tafuta jina hilo. Ila kabla hujanunua mwambie muuzaji akuhesabie sura, zikiwa 25 chukua. Na ukipata anza na The Secret of the Old Clock kisha The Hidden Staircase, Mildred mwenyewe aliwahi kusema hicho cha pili ndicho alichokipenda zaidi.